Wino Uliotangulia

Jumatatu asubuhi, siku kumi na tisa kabla ya uchaguzi, mwalimu wa uraia alikuwa akipaka mkate siagi alipoona wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa mama yake. Ulikuwa ule ule wa kituo cha kupigia kura, zambarau iliyoiva mpaka kukaribia weusi, umeshika ukucha na kushuka hadi pingili ya kwanza. Mama alikuwa ameshika kikombe cha chai na kidole chake amekinyoosha pembeni, kama kawaida yake.

"Mama, umeshapiga kura?"

"Nimeamka nayo," mama akasema. "Nimesugua kwa ndimu, nimesugua kwa majivu, wapi. Usiimalize hiyo siagi."

Mwalimu akaitazama kalenda iliyotundikwa juu ya jiko. Uchaguzi ulikuwa pale pale ulipokuwa jana, Jumamosi ya wiki ya tatu, umezungushiwa duara. Akachukua mkoba wake akaondoka, kwa kuwa kipindi cha kwanza kilikuwa chake na mkuu wa shule alikuwa na tabia ya kusimama langoni akiangalia saa.

Mwalimu huyu alikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kuwaambia wanafunzi wake. Alikuwa amefundisha uchaguzi kwa miaka kumi na sita, na katika maisha yake ya miaka thelathini na tisa hajawahi kupiga kura hata mara moja. Serikali hupenda kutumia walimu kuwa makarani wa vituo, na kila uchaguzi alipangwa kituo kilicho mbali na pale alipojiandikisha. Mara tatu alikuwa amekaa kutwa nzima akichovya vidole vya watu wengine na kurudi nyumbani na chake kikiwa cheupe. Alikuwa kama mtu anayefundisha kuogelea bila kuwahi kulowa. Safari hii barua ilimpanga kituo cha shuleni kwake, ambako jina lake lilikuwa daftarini, na barua hiyo alikuwa akitembea nayo kwenye mkoba wiki ya pili sasa. Alikuwa na hamu na ile kura kuliko alivyokuwa na hamu na siku ya arusi yake, na hilo pia hakumwambia mtu.

Mwaka huo aliamua kwamba kidato cha nne hakitanakili tena mchoro wa sanduku la kura kutoka kitabuni. Wangeandika blogu. Wakaiita Dawati la Nyuma, kwa sababu waandishi wake wote walikaa huko. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine tatu, mojawapo ikiwaka siku ilipojisikia, na kila Ijumaa darasa lilijadili kwanza, likabishana, kisha likachapisha yale yaliyosalimika. Blogu ilikuwa na wasomaji kumi na watatu. Kumi na mmoja walikuwa waandishi wenyewe, wa kumi na mbili alikuwa mkuu wa shule akitafuta makosa, na wa kumi na tatu alikuwa shangazi yake mwalimu, ambaye aliandika "Hongereni wanangu" chini ya kila chapisho, likiwemo lile la wizi wa kura.

Msichana waliyemwita Mhariri ndiye aliyeshika usukani. Alikuwa amechelewa shule miaka miwili akilea wadogo zake, kwa hiyo alikuwa na umri wa miaka kumi na minane kamili na alikuwa mwanafunzi pekee wa darasa lile aliyejiandikisha kupiga kura. Kadi yake aliiweka ndani ya kitabu cha hesabu, mahali ambapo hakuna mtu angeitafuta. Msaidizi wake alikuwa mvulana aliyeitwa Mbishi, ambaye hata jina lake likiitwa kwenye mahudhurio alitaka kwanza kujua nani anauliza.

Asubuhi ile mwalimu aliwaeleza habari ya kidole cha mama yake. Hakuna aliyeshangaa. Mbishi alisema baba yake anacho tangu Jumamosi. Mwingine akasema jirani zao wanavyo, mke na mume, na mume ameudhika kwa kuwa cha mke kimekolea zaidi. Mkuu wa shule naye alikuwa nacho, walimwona akikificha nyuma ya saa.

"Basi tuulize," akasema Mhariri. "Tupite nyumba kwa nyumba tuulize nani ameshapiga kura."

Wakapita. Chapisho la Jumatano lilikuwa na kichwa cha maneno matatu, Nani Ameshapiga Kura, na kwa idadi yao walikuwa watu mia moja na themanini na wawili kati ya mia sita na kumi na mmoja walioandikishwa pale. Siku mbili baadaye blogu ilikuwa na wasomaji elfu nne. Wengi waliacha maoni kuhusu namna ya kuondoa madoa. Dawati la Nyuma likajaribu kila dawa iliyopendekezwa, kuanzia dawa ya meno mpaka mafuta ya taa, likachapisha matokeo katika jedwali. Safu ya mwisho ilisomeka "haukutoka" kuanzia juu hadi chini. La kuvunda halina ubani.

Ofisi ya uchaguzi ikatuma afisa aje kuwaelimisha. Alikuwa mtu mpole, mwenye mkoba mgumu na sauti ya mtu anayesoma maelekezo nyuma ya chupa. Alipewa kiti cha mwalimu akakaa.

"Sheria ni rahisi," akasema. "Kidole chenye wino ni kidole kilichopiga kura. Sheria haiulizi lini."

Mbishi akasimama. "Mheshimiwa, kama mama yake mwalimu ameshapiga kura, amempigia nani?"

"Kura ni siri."

"Hata kwake mwenyewe?"

Afisa akafikiri kidogo. "Hasa kwake mwenyewe," akasema, na akaongeza kwamba ofisi inafurahishwa na mwamko huu, kwani haijawahi kuwa na mahudhurio makubwa namna hii wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Mhariri aliyaandika yote neno kwa neno. Mwalimu alimsindikiza mgeni mpaka kwenye mtaro ulio mbele ya shule, akamshika kiwiko avuke mbao mbili zilizowekwa pale badala ya daraja.

Hilo daraja ndilo lililokuwa kiini cha uchaguzi wote. Diwani alikuwa ameliahidi kwa miaka kumi na mitano, na kila alipoulizwa alijibu kwamba lipo kwenye mchakato, hadi watu wakamwita Mzee Mchakato mbele ya macho yake naye akaitika. Mpinzani wake alikuwa nesi mstaafu, mwanamke mkavu asiyependa maneno, aliyewapokea nusu ya wanafunzi wale kutoka matumboni mwa mama zao. Mwaka uliopita mtoto wa darasa la pili alitumbukia mtaroni akavunjika mguu, na nesi ndiye aliyeshuka kumtoa. Huko mitaani kila mtu alisema atampigia nesi. Mama yake mwalimu alikuwa ameshalitangaza hilo kwa muuza mboga, kwa fundi cherehani na kwa paka.

Mhariri ndiye aliyegundua. Ijumaa hiyo alibandika ubaoni karatasi mbili, moja ikiwa orodha ya vidole vyenye wino na siku vilipoonekana, nyingine ikiwa ratiba ya kampeni ya diwani iliyochanwa kutoka kwenye nguzo ya umeme. Diwani alipopita sokoni Jumapili, wino ulionekana sokoni Jumatatu. Alipopita kwenye benki Jumanne, wahudumu wa benki waliamka nao Jumatano.

"Anawapa mkono," akasema Mhariri. "Anampa mtu mkono, kesho yake mtu ameshapiga kura."

"Mkono unaopewa ni wa kulia," Mbishi akapinga. "Wino uko kushoto."

"Sheria inataka kushoto."

Mbishi akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kumwona akikubali jambo, na baadhi ya wenzake waliliandika tukio hilo kwenye daftari.

Kilichobaki ni kujua kwa nini wengine walisalimika, maana diwani hakuwa mchoyo wa salamu. Darasa likajadili vipindi viwili mfululizo. Fundi magari alikuwa msafi. Muuza nyama alikuwa msafi. Mama wa maandazi, fundi rangi, mfinyanzi na yule mzee anayezibua vyoo, wote vidole vyao vilikuwa kama vya mtoto mchanga. Hapo mwalimu akacheka peke yake, kwa kuwa jibu lilikuwa adabu tu. Mtu mwenye mikono michafu hampi mheshimiwa kiganja. Humpa kifundo cha mkono, naye mheshimiwa hukigusa kidogo na kupita. Waliobaki na vidole safi walikuwa wale wenye mikono michafu.

Chapisho la wiki iliyofuata lilikuwa fupi kuliko yote. Lilisema: Kaeni na mikono michafu mpaka Jumamosi ya kura.

Kumkatalia mtu mzima salamu ni jambo ambalo hakuna aliyeliwaza. Lakini kumpa kifundo ni heshima, tena heshima ya mchapakazi. Kwa hiyo mtaa mzima ukaanza kuchafuka. Karani wa posta alikaa dirishani na mikono imejaa masizi, akiomba radhi kwa kila bahasha. Mhasibu wa hospitali alibeba donge la unga wa ngano kwenye mfuko wa koti, akalifinyanga kila aliposikia gari. Kinyozi akaacha povu likauke vidoleni. Diwani alipita mitaa mitatu akigusa vifundo tu, na kesho yake hakuna kidole kipya kilichoonekana. Shangazi akaandika "Hongereni wanangu", na safari hii watu mia tisa wakaandika vivyo hivyo chini yake.

Nesi mwenyewe alikuwa ameshachelewa. Kwenye mdahalo wa wiki ya kwanza alikuwa amempa mpinzani wake mkono mbele ya watu wote, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, tena mkono aliokuwa ametoka kuunawa kwa dawa.

Mzee Mchakato hakuwa mtu wa kushindwa na masizi. Siku ya tatu alionekana na katibu wake amebeba birika la maji ya uvuguvugu, beseni, sabuni yenye harufu ya waridi na taulo nyeupe begani. "Wananchi wangu wanafanya kazi," diwani akasema kwa huruma ya kweli. "Nani kama si mimi wa kuwanawisha?" Akawanawisha kwa mikono yake mwenyewe, kidole kwa kidole, akawafuta, kisha akawapa mkono. Watu walilengwalengwa na machozi. Fundi magari alisema baadaye kwamba tangu mama yake afariki hakuna mtu aliyewahi kumnawisha. Kesho yake alikuwa ameshapiga kura.

Alhamisi, siku mbili kabla ya uchaguzi, diwani akaja shuleni kuipongeza blogu.

Mkuu wa shule aliwapanga kidato cha nne mstari mmoja mbele ya darasa. Wote kumi na mmoja walikuwa wametoka kwenye somo la kilimo ambalo halikuwa kwenye ratiba, na mikono yao ilikuwa imejaa samadi hadi viwikoni. Katibu akalitua beseni chini. Wanafunzi walipokea salamu mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, maji, sabuni, taulo, mkono. Kwa wale wa chini ya miaka kumi na minane haikuwa na madhara, maana wino ule uliheshimu umri. Diwani alijua hilo pia, na aliwapitia haraka kama mtu anayepekua kurasa akitafuta ile yenye picha.

Mhariri alikuwa wa mwisho. Samadi ilikuwa imetoka vidoleni mwake, taulo ilikuwa imeshapita. Alisimama wima, amekunja ngumi kidogo, na mwalimu aliona jinsi macho yake yalivyokuwa yameukodolea mlango. Msichana yule asingeweza kukataa. Angekataaje? Alikuwa amefunzwa na nyumbani na shuleni, na darasa hilo hilo lilikuwa na bango la heshima ukutani.

Mkono wa diwani ulikuwa njiani.

Mwalimu akaingia katikati akaupokea. Aliushika kwa mkono wake wa kulia, kisha akaongeza wa kushoto juu yake, kama wafanyavyo watu waliofurahi sana. Alijua bei ya kitu alichokuwa akikishika. Moyo ulimuuma wakati ule ule akitabasamu, akaiona barua yake ndani ya mkoba kana kwamba mkoba ulikuwa wa kioo.

"Shikamoo mheshimiwa," akasema. "Tunashukuru sana. Ijumaa huwa tuna mjadala, lakini kwa kuwa umekuja leo, tuufanye leo. Mbishi, uliza."

Mbishi alikuwa na maswali thelathini na moja. Aliyasoma kutoka kwenye daftari, akianzia na daraja. Diwani alijibu kwamba liko kwenye mchakato. Mbishi akauliza mchakato una hatua ngapi. Diwani akasema inategemea. Inategemea nini? Inategemea mchakato. Mwalimu alikuwa bado ameushika mkono, akiutikisa taratibu kila jibu lilipotoka, kwa heshima kubwa. Maji yakishavuliwa nguo ni ya kuogwa tu. Swali la tisa diwani alijaribu kuuvuta, mwalimu akamsogelea. Swali la kumi na sita katibu alikohoa na kutazama saa. Swali la ishirini na mbili Mhariri aliomba ruhusa kwa mkuu wa shule kwenda kuchapisha mjadala huo ungali moto, akapewa, akapitia dirishani kwa kuwa mlango ulikuwa umezibwa na beseni.

"Mwalimu," diwani akanong'ona kwenye swali la ishirini na sita, "nirudishie mkono wangu."

"Uko kwenye mchakato, mheshimiwa," akasema mwalimu, na akauachia baada ya swali la thelathini na moja, kwa sababu yeye hukamilisha kazi.

Diwani alivuka mtaro kwenye mbao akipuliza vidole vyake. Kidato cha nne kilicheka hadi kengele ya mchana, na mwalimu alicheka nao. Ijumaa asubuhi alipoinua mkono wa kushoto kuegemea ubao, wino ulikuwa pale, kwenye ukucha na kwenye pingili. Mbishi alilifunga daftari lake la maswali. Mwalimu aliandika tarehe, akaandika kichwa cha somo, akawageuzia mgongo kwa muda mrefu kuliko kichwa cha somo kilivyohitaji.

Mhariri alibaki darasani wakati wa mapumziko. "Mwalimu, ungeniacha tu. Mimi nina chaguzi nyingi mbele."

"Mimi pia," mwalimu akasema. "Nenda kanywe uji."

Jumamosi saa moja asubuhi alikuwa mezani kwake kama karani, darasani kwake mwenyewe, na kichupa cha wino mbele yake. Sheria inataka sanduku lionyeshwe kwamba ni tupu kabla halijafungwa. Alilipindua juu chini mbele ya mawakala wa pande zote mbili, halikuangusha hata chembe ya vumbi, lakini walihitajika watu wawili kulirudisha mezani. Afisa mpole alilifunga kwa lakiri akawashukuru.

Foleni ilikuwa ndefu, kwa sababu wenye wino pia walikuja. Walipenda kuhakikisha. Mama yake alikuwa wa tisa, amevaa gauni alilolishona kwa siku hiyo. Alisimama mbele ya meza, akaweka kadi, akaweka na kidole.

"Mama," mwalimu akasema, "umeshapiga kura."

"Najua. Basi angalia hapo uniambie nilimpigia nani, nijue kama nilikuwa na akili zangu."

"Kura ni siri, mama."

"Siri gani hiyo ya kumficha mwenyewe!" Mama akachukua kadi yake, akawageukia watu wa nyuma akawaambia wasisukumane, wengi wao wameshamaliza. Akaenda kukaa kwenye benchi la nje na nesi, ambaye naye alikuwa ameambiwa hivyo hivyo dakika tano kabla. Wakakaa pale mpaka jioni wakizungumza habari za magoti.

Watu mia moja na sitini na wawili walikuwa na vidole safi. Mhariri alikuwa mmoja wao. Mwalimu alimkabidhi karatasi, akamwona akiingia nyuma ya pazia, akaona viatu vyake vya shule chini ya pazia vimesimama vimebanana. Alipotoka alikuja kuchovya. Mwalimu akakishika kidole chake kidogo, akakizamisha taratibu, akakitoa, na wote wawili wakakitazama mpaka mtu wa nyuma akakohoa. Kwa jambo hilo peke yake mwalimu alifurahi, na furaha yake haikuwa na dosari.

Walihesabu saa kumi na moja, jua likiwa bado dirishani. Ndani ya sanduku mlikuwa na karatasi mia sita. Hakuna aliyeuliza kitu, kwani watu wenye wino mia nne na thelathini na wanane ukijumlisha na mia moja na sitini na wawili wanatimiza idadi hiyo hiyo, na hesabu ikikubali watu hupumua. Afisa alizifungua, mwalimu akazisoma kwa sauti. Diwani, diwani, nesi, diwani.

Karatasi ya mia mbili na kumi na nne ilikuwa na alama ya vema ya rangi nyekundu, ingawa kalamu zote za kituo zilikuwa za bluu na zimefungwa kamba. Mwalimu aliitambua kabla hajaikunjua yote. Ilikuwa vema yake, ile yenye mkia unaopanda kulia na kukatika ghafla, aliyoiweka kwenye madaftari ya watu kwa miaka kumi na sita. Ilikuwa kando ya picha ya diwani. Chini yake, kwa mwandiko wake safi wa ubaoni, kulikuwa na maneno mawili: Jitahidi zaidi.

"Ina maandishi," akasema. "Karatasi yenye maandishi imeharibika."

Afisa akaichukua, akaitazama kwenye mwanga. "Nia ya mpiga kura iko wazi," akasema, akaiweka kwenye fungu la diwani. Iliyofuata ilikuwa na doa la siagi, na mwalimu aliipitisha upesi bila kuisoma mara mbili.

Diwani alipata kura mia nne arobaini na tisa. Nesi alipata mia moja arobaini na tisa. Mbili ziliharibika. Mwalimu alisaini fomu ya matokeo kwa kuwa jumla ilikuwa sahihi.

Dawati la Nyuma lilichapisha yote Jumatatu, vema nyekundu ikiwemo. Darasa lilibishana kama mtu anaweza kushitaki kura yake mwenyewe, na Mbishi alisimama upande wa kura. Watu elfu sita walisoma, wakasikitika, wakaulizana habari za madoa. Wino wa kidole cha Mhariri ulififia baada ya siku kumi, kama wino unavyopaswa kufanya. Wa wengine haukufifia. Mama aliuzoea akaanza kupaka rangi ya aina hiyo kwenye kucha tisa zilizobaki ili zifanane. Mtaroni mbao moja ilioza, diwani akaja na wapiga picha akaweka mpya.

Mwezi wa pili baada ya uchaguzi, katikati ya kipindi, tarishi wa ofisi ya uchaguzi alibisha mlango wa darasa akiwa na bahasha. Mwalimu akaifungua palepale na kuwasomea wanafunzi, kwa kuwa ilikuwa na nembo na kila chenye nembo ni cha kufundishia. Barua ilimshukuru mwalimu wa uraia kwa kushiriki kwa amani na utulivu katika uchaguzi ujao. Ilisema kura yake imepokelewa na kuhifadhiwa. Ilisema matokeo yatatangazwa baada ya miaka mitano, ili kuheshimu utaratibu.

"Tuiweke kwenye blogu, mwalimu?" Mhariri akauliza. Alikuwa ameshafungua daftari.

"Iwekeni."

Tarishi alikuwa bado mlangoni, ameshika daftari la kupokelea barua. Mwalimu akaikunja barua, akairudisha ndani ya bahasha, akamnyooshea.

"Irudishe," akasema. "Mimi siipokei. Waambie nimekataa kusaini."

Tarishi hakuipokea bahasha. Alilamba kidole chake, nacho kilikuwa na wino, akafunua kurasa mpaka kwenye jina la mwalimu, akamwonyesha. Mstari ulikuwa umeshasainiwa. Mwandiko ulikuwa wake, na mkia wa saini ulipanda kulia ukakatika ghafla.

"Hapana haja, mwalimu," tarishi akasema kwa upole. "Nilikuja tu kuhakikisha imefika."